Madai Yanayowapoteza Wanaojifunza Kihispania

Wanaojifunza Kihispania hurithishana kanuni fupi fupi. Hupokezana darasani, huandikiana pembeni mwa daftari, na anayetangulia humfundisha anayefuata. Zinakaririka kirahisi, na nyingi si kweli. Nyingine zina nusu ya ukweli, na hizo ndizo zinazopoteza watu zaidi, kwa sababu mwanafunzi huzijaribu mara mbili tatu zikafaulu, kisha huziamini maisha yake yote. Hapa nazijibu zile zinazohusu wakati ujao, pamoja na mambo machache ya sarufi ya kila siku yanayoandamana nao. Karibu zote zimetoka katika vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili anayezimeza anajitwika ugumu ambao kamwe haukuwa wake.

"Voy a ni ya karibu, -ré ni ya mbali"

Dai hili ndilo lililoenea kuliko yote. Linasema Kihispania kina wakati ujao wa aina mbili: wa karibu, unaoundwa kwa kitenzi "ir", yaani kwenda, kama katika "voy a comer", na wa mbali, unaoundwa kwa kuongeza mwisho kwenye kitenzi, kama katika "comeré". Zote mbili maana yake ni nitakula. Ukitaka kujua utumie ipi, eti hesabu siku zilizobaki.

Sasa wasikilize wenyewe. Mtoto wa kike wa Bogotá akiulizwa atafanya kazi gani akikua, atajibu "voy a ser médica", nitakuwa daktari. Jambo lenyewe liko miaka ishirini mbele, na kitenzi alichokitumia ni kile kinachoitwa cha karibu. Rubani anayekaribia uwanja wa Barajas jijini Madrid atawatangazia abiria "en unos minutos aterrizaremos", baada ya dakika chache tutatua. Magurudumu yanakaribia kugusa ardhi, na kitenzi ni kile kinachoitwa cha mbali.

Kinachotenganisha maumbo haya ni mahali anaposimama msemaji. "Voy a" hulifunga jambo lijalo na leo: nia imeshawekwa, au dalili zake zinaonekana. Ukitazama juu ukaona wingu jeusi, utasema "va a llover", mvua inakuja. Mtangazaji wa hali ya hewa anayesoma "mañana lloverá en el norte", kesho mvua itanyesha kaskazini, hatazami wingu lolote; anatoa taarifa. Vivyo hivyo "te voy a llamar" ni mpango wa kukupigia simu, lakini "te llamaré" inakaribia kuwa ahadi, neno ambalo mtu anaweza kukudai baadaye. Ni kweli umbali hushabihiana na msimamo huu mara nyingi, maana mambo ya karibu huwa na dalili na ya mbali huwa hayana. Hapo ndipo dai linapochota ile nusu yake ya ukweli.

Vitabu hivyo hivyo husahau njia ya tatu, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote: wakati uliopo. "Mañana te llamo." "El viernes salimos para Lima." Mtu wa Hispania au wa Peru husema hivyo kila siku bila kuona kasoro yoyote, kama sisi tunavyosema "kesho naenda Mwanza". Taja siku au saa, na kitenzi kinaweza kubaki kilivyo.

"Umbo la -ré limekufa, liruke"

Wengine, baada ya kugundua kwamba mitaani "voy a" inasikika mno, hukimbilia upande wa pili na kusema "cantaré", "comeré" na "viviré" ni za vitabu tu. Msingi wa dai upo. Katika mazungumzo ya kawaida, na hasa katika Amerika ya Kilatini, mtu anapozungumzia mipango yake ya kesho "voy a" ndiyo inayotawala. Lakini kutoka hapo hadi kusema umbo la pili limekufa ni kuruka mto mpana.

Kwanza linaishi kwenye maandishi: magazeti, matangazo, mikataba, sheria. Mahali ambapo sheria ya Hispania inasema mkosaji ataadhibiwa, kitenzi ni "será", atakuwa. Amri Kumi kwa Kihispania zimewekwa katika wakati ujao, na wazazi nao hutumia ukali huo huo mezani: "te comerás todo", utakula chote. Ahadi nimeshaitaja. Vitisho pia: "ya verás", utaona.

Hayo yote ni madogo mbele ya kazi kubwa zaidi ya umbo hili, kazi ambayo haihusu kesho hata kidogo. Chukua mfano wa mlango unaobishwa usiku. Mmoja ndani ya nyumba anauliza "¿quién será?" na mwingine anajibu "será el vecino". Hakuna kijacho hapo. Aliyebisha yuko nje sasa hivi. Wakati ujao unatumika kukisia jambo la sasa.

Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huliona hili kama ajabu, na vitabu vyake humwekea mbali, katika sura za mwisho, kama somo la walioiva. Lakini wewe msomaji, mlango ukibishwa saa nne za usiku, utauliza nini? "Atakuwa nani huyo?" Na utajibiwa: "Atakuwa jirani." Ni kitu kile kile. Kiambishi chetu -ta- kinakisia kama -ré ya Wahispania inavyokisia. "Serán las tres", itakuwa saa tisa hivi. "Tendrá treinta años", atakuwa na miaka thelathini. "Estará durmiendo", atakuwa amelala. "Ya habrán llegado", watakuwa wameshafika. Mwalimu wa Kihispania anayefundisha Wazanzibari au Wakenya angeweza kuyaweka haya katika wiki za mwanzo kabisa, na darasa lisione kitu kigeni. Kuwafanya wayasubiri mpaka mwisho ni kuwanyima mali yao.

Kuna tofauti moja ya kuangalia. Sisi tunapokisia kwa kawaida tunapitia kitenzi kuwa: atakuwa mgonjwa, atakuwa anaishi hapa. Kihispania hakihitaji msaidizi huyo. Kitenzi chochote cha hali kinaweza kukisia peke yake. "¿Dónde vivirá?" ni kujiuliza anaishi wapi huyo mtu. "Sabrá mucho" yaweza kuwa kukisia kwamba anajua mengi. Umbo hilo hilo hutumika pia kukubali jambo shingo upande: "será rico, pero no ayuda a nadie", atakuwa tajiri sawa, lakini hamsaidii mtu. Ukikisia kuhusu jana, kitenzi kinapokea mwisho wa -ía: "serían las tres cuando llegó", ilikuwa kama saa tisa alipofika. Kwa kawaida "voy a" haiingii katika kazi hizi. Aliyeruka umbo la -ré atasikia "estará en casa" akadhani anaambiwa mtu atakuwa nyumbani baadaye, kumbe anaambiwa aende akagonge sasa.

"Vitenzi vikorofi havina idadi"

Vina idadi. Ni mashina 12. Ugumu wa wakati ujao wa Kihispania husimuliwa na watu ambao hawajauketia wakauhesabu.

Anza na viambishi vya mwisho: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Ni hivyo hivyo kwa vitenzi vyote, viwe vya -ar, -er au -ir, na hakuna kitenzi hata kimoja kinachovikataa. Wakati uliopo una majedwali matatu. Wakati ujao una moja. Kwa kawaida hubadilishi hata shina, unachukua kitenzi kizima kilivyo kwenye kamusi na kuongeza mwisho wake: "hablar", "hablaré".

Wale 12 nao wana mpangilio. Vitano vinapokea d: "tener" huwa "tendré", halafu "pondré", "vendré", "saldré" na "valdré". Vitano vinaangusha irabu: "podré", "sabré", "habré", "cabré" na "querré". Viwili vinafupika: "hacer" huwa "haré", na "decir" huwa "diré". Watoto wao huwafuata, kwa hiyo "mantener" ni "mantendré" na "componer" ni "compondré". Wanaojitenga ni wachache: "bendecir" na "maldecir", kubariki na kulaani, hazimfuati "decir" bali hubaki za kawaida, "bendeciré" na "maldeciré".

Sababu ya ukorofi huo inapendeza kuijua. Wazungumzaji wa Kilatini cha mitaani walikuwa wakisema kitu kama "kuimba ninako", yaani nina jambo la kuimba: "cantare habeo". Maneno hayo mawili yaligandana yakawa "cantaré". Ile -é ya mwisho ni "he", kitenzi cha kuwa na. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, alikuwa ameshaona kwamba wakati ujao umeundwa na kitenzi kizima pamoja na "he". Katika maandishi ya Zama za Kati mshono ulikuwa bado unaonekana, kiasi kwamba kiwakilishi kiliweza kuingia katikati: "dar te he", nitakupa. Kireno kimeuhifadhi mshono huo katika maandishi rasmi mpaka leo. Vitenzi vinavyotajwa kila siku vilisuguliwa zaidi: irabu ya "tener" ilipoanguka, n ikakutana na r, ulimi ukaongeza d ili upite vizuri. Basi ukorofi wote ni alama za matumizi mengi.

Na -ta- yetu imezaliwa hivyo hivyo. Ilikuwa kutaka, ikasuguliwa, na kipande chake kizima kimebaki katika atakaye na atakapo. Kipande hicho nitakirudia, kwa maana kina kazi muhimu hapo chini.

"Alama ya mkazo ni mapambo"

Mzungumzaji wa Kiswahili aogope dai hili kuliko yote yaliyotangulia. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, bila kutuuliza. Katika wakati ujao wa Kihispania mkazo uko silabi ya mwisho kwa nafsi zote isipokuwa "-emos". Ukisema "hablará" kwa mkazo wa Kiswahili, umesema "hablara", ambayo ni hali nyingine kabisa ya kitenzi, ile ya mambo ya kudhania. Ukiilegeza "compraré", msikilizaji atasita. Na tofauti hii haimo katika wakati ujao peke yake: "hablo" ni nasema, "habló" ni alisema. Zisome kwa sauti mpaka ulimi uache kurudi nyuma silabi moja.

R nayo ina neno lake. "Queremos" ni tunataka, na "querremos" ni tutataka. Kinachotenganisha leo na kesho hapo ni ulimi kupiga mara moja au kutetemeka.

"Kila penye -ta-, weka wakati ujao"

Hili ni dai letu wenyewe. Halijatoka kwa Waingereza. Mwanafunzi mzuri, mwenye masikio, huligundua peke yake baada ya miezi michache, na linamfikisha mbali kabla ya kumwangusha. Huandika: "cuando llegará, se lo diré", akitafsiri atakapofika nitamwambia. Nusu ya pili ni sahihi. Nusu ya kwanza haikubaliki katika Kihispania. Husemwa "cuando llegue".

Kihispania hakitaki kutamka kama habari jambo ambalo halijafika na ambalo limewekwa kama kipimo cha jambo jingine. Hulipa umbo linalolingana na letu la afike, aje, asome. Kiswahili nacho kina tabia hiyo mahali pengine: tunasema "subiri mpaka aje", hatusemi "mpaka atakuja", na Kihispania kinakwenda pamoja nasi hatua kwa hatua, "espera hasta que venga". Tofauti iko kwenye atakapo tu. Mwanafunzi akumbuke: penye -po- ya wakati ujao, "cuando" hufuatwa na umbo la "venga", "llegue", "tenga".

Lakini asikimbilie kuufuta wakati ujao kila baada ya "cuando". Swali la lini linautaka. "No sé cuándo vendrá", sijui atakuja lini. Angalia na alama ya mkazo juu ya a. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ni swali. Kipimo chetu kinafaa kabisa: kama Kiswahili kingesema lini, tumia "vendrá", kama kingesema atakapokuja, tumia "venga".

Kuhusu "si", neno la sharti, Kiswahili kinatulinda. Ikinyesha, hatutatoka: -ki- haina -ta- ndani yake, na Kihispania nacho hakiweki wakati ujao hapo, "si llueve, no saldremos". Tatizo huja kwa anayependa kusema "kama itanyesha", kwa maana kama yetu ina sura mbili. Katika sharti, "si" hufuatwa na wakati uliopo. Katika swali la kutojua, sijui kama atakuja, wakati ujao unaruhusiwa: "no sé si vendrá".

Na kile kipande cha zamani, -taka-, kinaonekana pia katika atakaye. Atakayeshinda, tusiyemjua bado, ni "quien gane". Lakini mtu fulani tunayemjua ambaye atakuja kesho ni "el hombre que vendrá mañana", kwa wakati ujao wa kawaida. Tafuta kama mtajwa anajulikana, nawe utapata umbo.

"Ser ni ya kudumu, estar ni ya muda"

Kanuni hii ingekuwa kweli, wafu wangefufuka kila siku, kwa maana kwa Kihispania aliyekufa "está muerto". Nao ujana ungedumu milele, kwa maana kijana "es joven". Mji wa Mombasa "está en Kenia", na haujapanga kuhama.

Kwa mahali, sisi tuna iko, yuko, yumo. Juma ni mwalimu, Juma yuko nyumbani: "Juma es profesor, Juma está en casa". Tofauti hiyo ambayo wengine wanaitolea jasho tunainyonya utotoni. Kwa hali zilizotokana na tukio, tuna -me-: amechoka, amelala, amekaa, amekufa. Vigeuze: "está cansado, está dormido, está sentado, está muerto". Anayeuliza kwa nini maiti ina kitenzi cha muda ajiulize kwa nini sisi tunasema amekufa. Ni hali iliyofikiwa baada ya tukio, na muda wake haupimwi. Tahadhari moja: mkutano au harusi ikitajwa mahali inapofanyika huchukua "ser", "la reunión es en el hotel". Tukio hufanyika, haliketi.

"Bila vosotros huwezi kusema na watu"

Nchini Hispania "vosotros" ni nyinyi wa marafiki na familia, na ndiyo inayochukua ule mwisho wa -éis. Amerika yote inayosema Kihispania, pamoja na Visiwa vya Kanari, husema "ustedes". Anayejifunza kwa ajili ya Mexico au Kolombia aijue akiisikia, asiihangaikie. Waargentina wana "vos" badala ya "tú", lakini katika wakati ujao hakuna cha kuongeza: "vos cantarás", sawasawa na "tú cantarás".

"Pitia Kiingereza kwanza"

Mwanafunzi mwenye Kiswahili chake anaambiwa ajenge Kihispania juu ya lugha ya tatu, kisha anashangaa kuona amerudia makosa ya Waingereza. Anaanza kila sentensi kwa "yo", kana kwamba "vendré" haijasema tayari ni nani, wakati yeye mwenyewe hasemi "mimi nitakuja" ila anapotaka kusisitiza. Anashindwa na "lo compraré", ingawa amekuwa akisema nitakinunua tangu alipoanza kutamka, mtendwa akiwa kabla ya shina. Anaambiwa jinsia mbili za nomino ni mzigo, naye amelelewa na ngeli zaidi ya mbili na kusema vitabu vipya bila kufikiri. "Libros nuevos" ni upatanisho ule ule, mradi asiamini kwamba kila neno la -a ni la kike. "El día", "el mapa" na "el problema" ni za kiume, "la mano" ni ya kike.

Na katika lile jambo linaloogopwa kuliko yote, umbo la kutaka na kuomba, anapaswa kuwa mbele ya darasa. Nataka usome: "quiero que leas". Nataka useme: "quiero que hables". Sisi hubadilisha a ya mwisho kuwa e, na vitenzi vya -ar hufanya hivyo hivyo, "habla" huwa "hable". Vile vya -er na -ir hugeukia upande wa pili, "come" huwa "coma", na hapo ndipo mazoezi yanapohitajika.

"Usifungue mdomo kabla ya kumaliza majedwali"

Mwongoza watalii wa Serengeti mwenye wageni kutoka Valencia hana muda wa kungoja. Jioni atawaambia "mañana salimos a las seis", kesho tunatoka saa kumi na mbili, kwa wakati uliopo tu. Asubuhi, akiwa ameshaziona nyayo, atasema "vamos a ver elefantes", tutaona tembo. Wakiuliza wako wapi, naye hana uhakika, atasema "estarán cerca del río", watakuwa karibu na mto. Hapo wageni wataelewa kwamba anakisia, na ya kwamba inabidi waende wakatafute.